Nilivyowashauri Watani Wangu

Vijana wangu wa ofisi ya ushauri, mmeniomba niwaandikie namna ya kumshauri mwanafunzi wa biashara. Nimekaa na ombi lenu tangu wiki iliyopita na karatasi nimeshachana za kutosha, maana kila nikianza na "kwanza kabisa" najiuliza, kwanza lipi? Kazi hiyo nimeifanya hapa Kibiti mpaka nywele zikaniisha, nikaagwa kwa pilau na saa ya ukutani, na bado mtu akinibana nimwambie ushauri ni kitu gani nababaika. Wala siyo unyenyekevu. Sielewi kweli.

Kwa wale mliokuja nikiwa nimeshaondoka, mimi ni Mwalimu Kasanda, Mnyamwezi wa Tabora. Nililetwa huku chuo kilipofungua kituo chake kidogo kando ya barabara kuu. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba vichache, mkorosho mmoja uani, na choo ambacho ufunguo wake alikuwa nao mtu asiyeonekana. Wanafunzi wangu walikuwa wa shahada ya biashara. Niliwasaidia kuchagua masomo, niliwatafutia nafasi za kwenda fildi kujifunza kazi, niliwaonya kabla hawajaanguka na kuwaokota wakishaanguka. Lugha yao mnaijua. Mtihani ukikushinda unapewa sapu, mtihani wa marudio. Sapu ikikushinda unakeri, yaani unalibeba somo hadi mwaka unaofuata. Na ukishindwa kubeba, au usipotokea kabisa kwenye sapu, unadisko, unakwenda zako nyumbani. Ukisikia maneno hayo ukiwa mgeni unaweza kudhani ni mitindo ya kucheza harusini, lakini nimeona baba mzima mwenye ndevu akilia ofisini kwangu kwa sababu ya mojawapo.

Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha kabla sijapanda basi kuja huku ni kwamba nakwenda kuwashauri watani.

Ninyi mliokulia mijini huenda utani mnaujua wa mpira tu. Huu wa huku ni mwingine. Mnyamwezi na Mndengereko, mwenyeji wa huku Kibiti, ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani. Mtani anakutukana mbele ya mkweo na huruhusiwi kununa. Anachukua kofia yako kichwani, na ukiitaka unaikomboa. Akija msibani anamwigiza marehemu anavyokoroma, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mtani akikuambia umeshakufa, nenda ukazikwe, unamjibu atangulie kuchimba. Neno lake halishikwi. Sasa mchukueni mtu wa namna hiyo, mpeni meza, faili na kiti cha kuzunguka, halafu mwambieni awaonye watu wamsikilize.

Wa kwanza kunionyesha hayo alikuwa Hamisi, kijana wa Mtunda. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Uhasibu ulikuwa umemshinda. Nilikuwa bado mgeni, nimevaa tai, nikamkaribisha kiti na kumwambia kwa sauti ya ofisini kabisa, "Hamisi, sapu yako ya uhasibu ni wiki ijayo. Usipokuja, chuo hiki umekiaga."

Hamisi akanitazama. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Mpagazi wewe!" akasema. "Mzigo umeutua lini hata uanze kufukuza watu kwenye nchi yao? Mtani bwana!"

Akainuka, bado anacheka, akachukua mwavuli wangu uliokuwa nyuma ya mlango, akasema ni fidia ya matusi niliyomtukana, akaondoka nao. Ulikuwa wakati wa masika. Jioni ile nililowa mpaka soksi, na njiani nilikuwa nacheka peke yangu, nikijisemea kwamba watu wa huku wana raha. Wiki iliyofuata sapu ilifika, Hamisi hakufika. Wanafunzi wenzake walisema kaenda Dar. Nilishika kichwa. Nilikuwa nimemwambia, kanisikia, kacheka, basi kilichobaki ni nini? Jina lake lilipokuja kuondolewa niliiangalia ile nafasi nyuma ya mlango kama vile mwavuli ungenijibu.

Aliyenipokea ofisini alikuwa Mama Mushi, Mchaga aliyekuja huku zamani kufundisha sekondari akahamia chuoni. Alikuwa mfupi, miwani yake ilining'inia kwa uzi shingoni, na thermos yake ya chai hakuna aliyewahi kuiona tupu. Yeye na watu wa huku hawakuwa na utani wowote. Akiivaa ile miwani tu, mwanafunzi anakaa vizuri. Basi nikawa namtumia. Mwanafunzi akifika ukingoni nampeleka chumba cha pili nasema, "Mama Mushi, nisemee." Anamwambia maneno yale yale niliyomwambia mimi, neno kwa neno, na mtoto wa watu anatoka pale jasho linamtiririka. Jambo hilo liliniuma, siwafichi. Nilikuwa na shahada mbili na sauti nzito, na bado ilinibidi nitafutiwe mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili.

Mengi ya maana ninayoyajua ni yake. Alinifundisha kwamba mwanafunzi akija analalamika kuhusu somo, umuulize kwanza anakaa wapi. Nilikuwa na binti mmoja wa kutoka visiwani huko deltani, mto unapomwagikia baharini, kila Jumatatu kachelewa, na nilishamwandikia kwamba hana nidhamu. Mama Mushi akasoma, akavua miwani, akaniuliza kama nimewahi kumuuliza maji yanajaa saa ngapi kwao. Kumbe mashua haitoki mpaka maji yajae, na maji hayaijui ratiba ya chuo. Tukampangia vipindi vya mchana na hakuchelewa tena. Aliniambia pia nisimruhusu mtu yeyote kuchukua uhasibu, takwimu na hesabu za fedha katika muhula mmoja, hata akiapa kwamba kichwa anacho. Mwanafunzi akisema "nimeelewa" kabla hujafika mwisho wa sentensi, rudi mwanzo. Na akilia, unyamaze. "Msubiri amalize," alikuwa akisema, huku anamimina chai. "Ukimpa maneno wakati analia, ataondoka na kilio tu."

Kuhusu anayecheka hakuniambia kitu. Wao Wachaga sijui kama walichekwa hivyo.

Na msidhani shida ilikuwa kwamba maneno yangu hayakushikwa kamwe. Afadhali ingekuwa hivyo, ningejua. Kulikuwa na kijana wa kule Mohoro, msemaji kuliko redio, anasoma uhasibu. Siku moja uani, tunakula mihogo ya kukaanga, nikamtania tu. "Wewe na mdomo huo uhasibu wa nini? Kahamie masoko, utamuuzia samaki maji." Watu wakacheka, naye akacheka, tukaendelea na mihogo. Jumatatu kaja na fomu ya kuhama mchepuo, imeshasainiwa na kila anayehusika, imebaki sahihi yangu.

"Lakini nilikuwa nakutania," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Ila umesema kweli."

Leo huyo ni meneja mauzo wa kampuni ya vinywaji, ana gari lenye kiyoyozi, akipita ananipigia honi. Mimi nina saa ya ukutani. Basi niambieni, mlioelimika juzi: nikisema la kweli wanacheka, nikisema la utani wanasaini fomu. Afanyeje mtu kama mimi? Kuna wakati nilijaribu kuwatania kwa makusudi ili wanitii, wakanishtukia, wakasema leo mtani ana jambo.

Halafu zikaja simu. Matokeo yakahama ubaoni yakaingia kwenye mfumo, na maonyo nikawa nayatuma kwenye kundi la wasapu. Nilifurahi. Nikadhani maandishi hayana kabila, sasa nitasomwa kama ofisa mwingine yeyote. Onyo la kwanza nililotuma lilikuwa la sapu, herufi kubwa tupu. Wakanijibu kwa vile vikatuni vya manjano, vyenye macho yaliyofinywa na machozi yanaruka pembeni. Simu ikajaa vikatuni mpaka ikapata moto. Nikavisogeza karibu na macho, nikavisogeza mbali, na mpaka leo kile kikatuni sijakiamua kama kinacheka au kinalia.

Sasa niwaambie habari ya Tatu, maana ndiyo iliyonivuruga kuliko zote.

Tatu naye alikuwa wa Mohoro, analelewa na bibi yake. Alikuwa binti mtulivu, mwandiko mzuri, maksi zake nzuri tu isipokuwa takwimu. Takwimu alifeli, akafeli na sapu, akaibeba. Mwaka wa kuibeba ukafika mwisho, ukabaki mtihani mmoja. Akifaulu anaendelea na shahada yake. Akifeli au asipofika, anaondoka, na miaka yake yote ya chuo inakwenda na maji. Wakati huo Mama Mushi alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao Kilimanjaro, kwa hiyo hapakuwa na wa kunisemea. Nikamwita Tatu mwenyewe, nikafunga mlango, nikazima hata feni.

"Tatu, nisikilize vizuri. Huu ndio wa mwisho. Ukikosa, hakuna barua, hakuna rufaa, hakuna mjomba. Umeondoka."

Akaniangalia, macho yake yakatulia kidogo. Kisha akaweka mkono mdomoni, akaanza kucheka.

"Mtani na wewe! Hiki chuo kakuachia baba yako? Nenda kwenu Tabora kawafukuze ng'ombe."

Akatoka anacheka, nikamsikia anacheka mpaka getini.

Siku zikasogea. Ulikuwa msimu wa mpunga kuiva, na wenyeji mnajua maana yake: nyumba za Mohoro zinabaki na mapaka, watu wote wanahamia bondeni. Wanajenga madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, wanakaa huko kuamia ndege mchana na kuwafukuza nguruwe usiku, mpaka mpunga uingie ndani. Asubuhi ya siku moja kabla ya mtihani nikapitia orodha ya waliothibitisha kufika. Tatu hayumo. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena na tena, mpaka yule dada wa kwenye simu nikatamani kumtukana. Nikaona siwezi. Nikaaga ofisini, nikapanda gari la kwenda kusini, nikavuka mto. Mohoro nikachukua bodaboda mpaka njia ilipoishia, halafu nikashuka kwenye tope kwa miguu yangu, na viatu vyangu vyeusi vya ofisini.

Dungu la bibi yake nilionyeshwa kutoka mbali. Kamba zilikuwa zimetandazwa kutoka pale juu kwenda pande zote za shamba, zimefungwa makopo, na Tatu alikuwa amekaa mlangoni pa dungu anazivuta. Ukivuta, makopo yanalia huko mbali na ndege wanaruka. Bibi yake, Bi Somoe, alikuwa chini anachochea moto wa chungu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mpagazi. Mzigo u wapi?" Alishaambiwa habari zangu, naona. "Au leo umekuja mkono mtupu, wataka kula tu?"

Nikamwambia sikuja kula. Nikamweleza habari yote, mtihani, kesho asubuhi, wa mwisho. Nilieleza vizuri kabisa, kwa mpangilio, kama ninavyomweleza mkuu wa idara.

Bi Somoe akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Haya tena! Jamani, wa madungu! Njooni mumsikie Mnyamwezi, kaja na miguu yake kuntania!"

Wakaja. Wanawake kwa wanaume, wa madungu ya jirani, wakasimama wakanizunguka. Nikarudia. Wakacheka. Nikaapa, haki ya Mungu, wakacheka zaidi, maana mtani naye huapa. Nikatoa simu niwaonyeshe tangazo la chuo, mama mmoja akaipokea, akaiweka kifuani kwake, akasema nitaikomboa kwa soda. Mwingine akaniambia nikae nipumzike, nikakaa, akanivua viatu kwa upole kama vile ananisaidia, akaenda navyo. Kila nilivyozidi kuwa na uchungu ndivyo walivyozidi kusema huyu mtani ni hodari, hajawahi kuja wa namna hii. Nikaona nitalia, na nikajua kwamba hata nikilia watasema naigiza.

Nikamtazama Tatu kule juu. Alikuwa anacheka kuliko wote. Lakini anavuta kamba tu, anavuta na kuvuta, makopo yanalia shamba zima, na ndege hata mmoja hayupo.

Sijui nilichofanya nilikitoa wapi. Nilisimama pekupeku kwenye tope nikasema, "Basi. Mmenicheka, mmenichukulia simu, mmenichukulia viatu. Na mimi ni mtani hapa. Nachukua changu."

"Chukua kuku," Bi Somoe akasema, anafuta macho.

"Kuku simtaki."

Nikapanda ngazi ya dungu. Nikaichukua kamba mkononi mwa Tatu, nikamshika mkono, nikasema kwa sauti wote wasikie, "Nimechukua huyu. Anayemtaka atakuja kumkomboa Kibiti, kesho, mtihani ukiisha."

Kicheko kikakatika. Watu wakamgeukia Bi Somoe, maana mwenye mali ndiye wa kusema.

"Mtani keshashika," akasema taratibu. "Mtani akishika utamnyima? Mchukue."

Mama mmoja akauliza, na ndege je?

"Ndege ntaamia mie."

Tatu alishuka, akachukua mkoba wake. Simu nilirudishiwa, viatu sikuviona. Bi Somoe alitusindikiza kidogo ukingoni mwa shamba, na pale ambapo wengine hawasikii akanishika kiwiko. Sura yake ilikuwa imebadilika kabisa.

"Mtani," akaninong'oneza, "mbona umekawia hivo? Siku zote nakungoja uje umtoe. Mie ningemtuma angesema bibi kanchoka."

Kwa hiyo alijua? Kama alijua, kwa nini aliita madungu yote yaje kunicheka? Nilitaka kuuliza, akawa ameshanipa mgongo, anakwenda kupanda dungu lake. Nilirudi Kibiti pekupeku, nimekaa kwenye gari kati ya Tatu na mfanyabiashara wa nazi aliyekuwa akiiangalia miguu yangu kwa huruma. Tatu alilala nyumbani kwangu kwa mke wangu, asubuhi akala uji, akaingia kwenye mtihani. Akafaulu. Ilikuwa C tu, lakini sijawahi kuiona C nzuri kama ile.

Alipohitimu alikuja kuniaga. Alikuwa ameshapata kazi ya uhasibu kwenye chama cha ushirika cha wakulima wa ufuta, na yuko huko mpaka leo. Aliniletea mchele wa bibi, na viatu vyangu. Bi Somoe alikuwa amevivaa msimu mzima shambani, vimepasuka pembeni, amevipaka rangi kwa heshima yangu. Tukacheka sana. Kisha Tatu akavuta kiti karibu.

"Mwalimu," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. "Siku ile ofisini nilikusikia."

"Ulisikia nini?"

"Yote. Nilijua ni kweli. Nilikuwa naiogopa sana ile takwimu. Sasa ukiogopa mbele ya Mama Mushi unafanyaje? Unalia. Lakini wewe mtani, mbele yako ninaruhusiwa kucheka. Nikacheka. Na kule dunguni nako hivyo hivyo. Ningesema naogopa, wangeniambia basi rudi chuoni au acha. Ukiwa unacheka hakuna anayekuuliza."

Nilimwambia asante, nikamsindikiza, nikarudi nikakaa. Wanangu, sikufanya kazi siku ile. Nilikuwa nimejiaminisha miaka yote kwamba wale wanaonicheka hawajui uzito wa jambo, na kumbe huenda ndio waliokuwa wanaujua. Nikawa napitisha nyuso kichwani, huyu alicheka, yule alicheka, na vile vikatuni vya kwenye simu. Wapi palikuwa utani na wapi palikuwa hofu? Hata Bi Somoe sijui nimweke wapi. Na kila nikizungusha nyuso hizo, narudi kwa Hamisi, ameshika ukingo wa meza.

Wiki iliyopita, siku chache baada ya ombi lenu kunifikia, nilikwenda stendi ya Kibiti kununua vocha. Pale pembeni kuna kibanda cha vifaa vya simu, na ndani yake nikasikia sauti inayoita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Ni yeye. Amenenepa, kidevuni ana mvi kidogo, biashara yake inakwenda vizuri kwa macho. Amerudi kutoka Dar mwaka huu, akaniambia, kumwangalia mama yake.

"Mpagazi! Bado hujafa?"

"Nakungoja utangulie kuchimba. Mwavuli wangu uko wapi?"

"Ulioza zamani. Nilimzikia bibi yangu, ukabaki makaburini."

Tukacheka pamoja, nikanunua vocha. Kisha mimi nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, "Hamisi, siku ile ofisini kwangu. Ulicheka nini?"

Akacheka. Kicheko kile kile, ameegemea kaunta, kichwa kimerudi nyuma. Wateja wakaanza kucheka naye bila kujua kinachochekwa. Zamani ningecheka pia nikaenda zangu. Safari hii nikavuta kiti cha plastiki kilichokuwa mlangoni, nikakaa, nikanyamaza kama Mama Mushi alivyonifundisha kwa wanaolia. Nikamsubiri amalize. Kilikuwa kirefu. Kikapungua, kikarudi kidogo, kikapungua tena, wateja wakaondoka mmoja mmoja. Akafuta macho kwa kiganja. Akapanga chaja zilizokuwa tayari zimepangwa.

"Mwalimu," akasema, hanitazami. "Mtu aliyeondolewa zamani vile. Akitaka kurudi, anaanzia wapi?"

Na mimi sikujua. Niliyajua ya enzi zangu, fomu za rangi na mihuri, siku hizi mambo yote yako kwenye mfumo ambao mimi hata neno langu la siri walishalifuta. Nilimwambia nitaulizia. Akaitikia kwa kichwa tu. Hakunitania.

Kwa hiyo nimewaandikia nilichoweza, na mtaona wenyewe kwamba siyo mwongozo. Ombi langu kwenu ni moja. Mtafutieni jibu yule mtu wa stendi, kama masomo yake ya mwaka wa kwanza bado yanahesabika, kama anaanza upya, kama kuna dirisha la kuwapokea watu wazima waliokwisha kufanya kazi. Nijibuni upesi nimpelekee mwenyewe. Naogopa nikichelewa ataanza kucheka tena.